Shajara ya Mradi: Dalili za Mzinga wa Nyuki Unaojiandaa Kutoa Kundi, Arua

Kusudi na mahali

Mradi huu unaendeshwa katika manzuki ndogo iliyo nje ya jiji la Arua, Uganda, upande wa Terego, mahali ambapo mashamba ya ufuta na muhogo yanapakana na vichaka vyenye miti ya shea. Swali tunalolifuatilia ni moja: ni dalili zipi ndani ya masega zinazoonyesha kwamba mzinga unakaribia kutoa kundi, yaani sehemu ya nyuki kuondoka na malkia kwenda kuanzisha nyumba mpya, na zinaweza kuonekana mapema kiasi gani? Wafugaji wengi wa hapa, wakikuta mzinga umepungua nyuki, husema nyuki wamekimbia, kisha lawama humwangukia jirani aliyewasha moto, mvua iliyochelewa, au mtu aliyepita na harufu asiyoipenda nyuki. Mimi naamini, na kila juma limeniongezea sababu za kuamini, kwamba kundi linalotoka ili kuzaliana halifanyi hivyo kwa ghafla. Linakuwa limejiandaa kwa majuma kadhaa, na maandalizi hayo husomeka kwa mtu anayefungua mzinga akijua aangalie wapi.

Mizinga yetu ni ya mbao yenye pao za juu, ule muundo uliosambaa kutoka Kenya katika miaka ya 1970. Kila pao ina upana wa milimita 32, kipimo kinacholingana na nafasi ambayo nyuki wa Afrika huiacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega linalofuata, kwa hiyo kila sega hujengwa katika pao yake na linaweza kuinuliwa, kutazamwa pande zote mbili na kurudishwa bila kuvunjwa. Bila jambo hilo mradi huu usingewezekana, kwa sababu mzinga wa gogo huutazami ndani mpaka uwe umeuharibu. Tumeipaka mizinga rangi tofauti na kuitambua kwa rangi zake. Ukaguzi hufanyika jua linapoelekea kuzama, kwa moshi mwepesi wa bomba, kwa kuwa nyuki wetu hawavumilii kufunguliwa wakati wa joto kali.

Ni vyema pia kueleza kwa nini hatukuanza na swali la jinsi ya kuwazuia nyuki wasitoke. Nyuki wa Afrika Mashariki hutoa makundi mara nyingi kuliko nyuki wa Ulaya, na sehemu kubwa ya chakula wanachokusanya hukitumia kulea majana, yaani mayai na watoto wa nyuki walio katika masega, badala ya kulimbikiza asali. Dunia ilijionea tabia hiyo baada ya mwaka 1956, mtaalamu wa jenetiki wa Brazili, Warwick Kerr, alipopeleka malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika hadi Brazili; makundi 26 yalitoroka mwaka uliofuata, na vizazi vyake vikaenea Amerika Kusini na Amerika ya Kati hadi kufika Texas mwaka 1990. Kugawanyika ndiyo njia ya nyuki hawa ya kuendelea kuwepo katika nchi yenye moto, ukame, siafu na nyegere, na anayewafuga hana budi kuanza kwa kukubali hivyo.

Januari

Kiangazi kilikuwa kimekolea. Miti ya shea, ambayo huchanua katika ukavu huu, ilikuwa imebeba vichala vya maua meupe yenye wekundu wa mbali, na mlio wa nyuki ulisikika juu ya matawi tangu alfajiri. Mizinga mingi ilikuwa na nguvu ya wastani: majana katika masega ya katikati, chavua kandokando yake, asali kiasi pembeni.

Mzinga mweupe, ulio karibu zaidi na ukingo wa kichaka, ulihamwa kabisa. Moto wa kuchomea nyasi ulipita upande ule, na siku chache baadaye mlangoni hapakuwa na nyuki. Niliutoa pao moja baada ya nyingine na kuandika kila nilichokiona, kwa sababu mzinga uliohamwa ndio kipimo cha kulinganishia mzinga uliotoa kundi. Hapakuwa na kijumba cha malkia, yaani kishimo kikubwa cha nta anamolelewa malkia mpya, hata kimoja, kiwe kipya au cha zamani. Hapakuwa na mayai. Majana machache yaliyoachwa yalikuwa yamekufa, na asali ilikuwa imenyonywa mpaka vishimo vya sega vikabaki vikavu, kingo zake zikiwa zimetafunwa. Nyuki wote wazima walikuwa wameondoka pamoja na malkia wao, wala hapakuwa na aliyeachwa kuendeleza nyumba.

Kundi la kuzaliana huacha hali tofauti kabisa nyuma yake: nyuki vijana, majana yaliyozibwa, chakula cha kutosha, na mabinti wa malkia wakiwa bado vijumbani mwao. Mfugaji anayechanganya mambo haya mawili hutibu ugonjwa usiokuwepo. Mzinga unaohamwa unahitaji kivuli, maji, barabara ya kuzuia moto na waya zilizopakwa grisi ili siafu wasipande. Mzinga unaogawanyika unahitaji nafasi na mzinga wa pili. Kuanzia hapa shajara hii inafuata ule unaogawanyika.

Februari

Mzinga wa bluu ulianza kujitofautisha na mingine. Masega yalijengwa haraka kuelekea mwisho wa sanduku, majana yakatanda hadi kwenye pao ambazo mwezi uliotangulia zilikuwa na asali tupu, na jioni nyuki wengi walining'inia nje ya mlango kwa kukosa nafasi ndani. Katika kona za chini za masega ya katikati vilionekana vishimo vikubwa kuliko vya kawaida, vyenye vifuniko vilivyovimba: majana ya madume.

Nilimweleza jambo hili jirani yetu, mzee anayefuga katika mizinga ya magogo aliyoitundika mitini tangu ujana wake, nikamuuliza, "Mzee, wewe huufungui mzinga. Unajuaje kwamba utatoa kundi?"

Akanijibu, "Tazama mlangoni saa nane mchana, mwanangu. Ukiona madume wanatoka kwa wingi, chonga gogo jingine."

Kauli hiyo inakubaliana kabisa na hesabu ya ukuaji wa nyuki. Dume huchukua siku 24 tangu yai hadi kutoka kishimoni, kisha huhitaji karibu majuma mawili zaidi kabla hajawa tayari kupanda malkia. Malkia hukamilika kwa siku 16 tu, na baada ya takriban juma moja huweza kuruka kwenda kupandwa. Mzinga unaotaka binti zake wapate waume kwa wakati hauna budi kuanza kulea wana wa kiume mapema, ingawa malkia mmoja hupandwa na madume kumi au zaidi angani na wengi wao hutoka mizinga mingine. Madume huruka mchana baada ya joto kupanda, ndiyo maana mzee anatazama saa nane. Tumeiweka dalili hii kuwa ya kwanza katika orodha yetu kwa sababu hata asiyekuwa na vazi la kujikinga anaweza kuiona.

Msongamano ulinishughulisha kwa muda mrefu zaidi. Colin Butler, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba malkia hutoa kemikali ambayo watendakazi wanaomhudumia huilamba mwilini mwake na kuipokezana na wenzao, na kwamba kemikali hiyo huwazuia wasilee malkia wengine. Mzinga unapojaa, kemikali hiyo huwafikia kidogo nyuki walio pembezoni, na hao ndio walio karibu na kingo za masega ambako vijumba vya malkia huanzishwa. Hata hivyo msongamano peke yake haumalizi maelezo. Mzinga mwekundu ulikuwa umejaa vilevile, ila majana yake yalikuwa machache na nyuki wake wengi walikuwa wakongwe wenye mbawa zilizochakaa. Huo haukuanzisha chochote. Mzinga wa bluu ulikuwa na masega mapana ya majana yaliyozibwa, kwa hiyo kila siku ulipokea nyuki wachanga kwa wingi, wale ambao kazi yao ya asili ni kulisha majana na ambao sasa hawakuwa na majana ya kutosha ya kulisha. Nyuki wengi, wengi wao vijana, nafasi ndogo ya kutagia, chakula kinachoingia bila kukatika, na harufu ya malkia isiyofika kila pembe: mambo haya yakikutana, maandalizi huanza.

Machi, majuma ya mwanzo

Mvua za kwanza zilinyesha. Katika ukingo wa chini wa sega la katikati, mzinga wa bluu ulikuwa na vikombe vya nta vilivyoelekea chini, laini kwa ndani. Vikombe vitupu havina maana kubwa, kwani mizinga mingi huvijenga na kuviacha mwaka mzima, na nimeona wafugaji wakishtuka bure kwa kuviona. Kinachotakiwa ni kutazama ndani yake. Nililigeuza sega taratibu ili jua la jioni liingie kwenye kikombe, na ndani, likiwa limesimama wima katikati ya sakafu, palikuwa na yai moja jeupe, jembamba kama uzi uliokatwa. Tangu hapo mzinga ulikuwa na kalenda.

Yai hukaa siku 3. Lava, yaani funza anayetoka katika yai, huoga katika maziwa mazito ya malkia kwa siku tano na kitu, huku watendakazi wakirefusha kijumba kuelekea chini mpaka kikafanana na ganda la karanga kwa umbo na kwa mikwaruzo ya juu yake. Siku ya 8 au ya 9 kijumba huzibwa. Malkia mzee kwa kawaida huondoka na kundi la kwanza wakati huo vijumba vya mwanzo vinapozibwa, hali ya hewa ikiruhusu. Mvua ikizidi huchelewa. Kwa hiyo mfugaji aliyeona yai kwenye kikombe ana karibu siku nane mbele yake, na aliyeona lava nene iliyoogelea katika maziwa ana siku chache tu. Aliyekuta vijumba vilivyozibwa na hakuna yai jipya popote kwenye masega, mara nyingi kundi lake limekwisha kuondoka.

Mahali pa kijumba pana maana sawa na kilichomo ndani yake. Vijumba vya kutolea kundi huwa vingi, vya umri unaopishana, na hupangwa kwenye kingo za chini na za pembeni. Malkia akifa ghafla, nyuki hurefusha vishimo vya kawaida vilivyo usoni mwa sega, popote penye lava changa. Na malkia anayebadilishwa kwa uzee huandaliwa warithi wachache tu, mara nyingi katikati ya sega. Wapo wafugaji wanaoona kijumba chochote na kukiponda kwa kidole gumba. Napinga jambo hilo kwa nguvu. Ukiponda vijumba vya mzinga ulioamua kugawanyika, utajenga vingine na wewe umepata juma moja tu. Ukivikosea vikawa vya mzinga uliopoteza malkia, au malkia akawa ameshaondoka na kundi, umeua nafasi ya pekee ya nyumba ile kupata mrithi.

Malkia wa mzinga wa bluu tulikuwa tumemtia nukta ya rangi nyeupe mgongoni. Katika majuma haya tumbo lake lilipungua waziwazi. Watendakazi hawakumlisha kama zamani, na mara kwa mara mmoja wao alimpandia, akamshika kwa miguu ya mbele na kumtetemesha kwa muda mfupi, naye akaendelea kutembea badala ya kutulia na kutaga. Malkia aliyejaa mayai ni mzito, hawezi kuruka mbali, kwa hiyo nyuki humpunguza uzito kabla ya safari. Wakati huohuo wapelelezi walianza kuchungulia tundu za miti na nyufa za nyumba za jirani. Mama mmoja alikuja kutuambia kwamba nyuki wanapimapima dirisha la ghala lake, na tukamwomba aweke wavu.

Machi, juma la mwisho

Kundi lilitoka asubuhi yenye jua baada ya usiku wa mvua. Kwa dakika chache uwanja wote ulijaa nyuki wanaozunguka, kisha wakakusanyika kwenye tawi la mwembe katika kiwanja cha Hajati, jirani yetu wa upande wa kusini, wakawa bumba refu lililoning'inia. Nyuki wa namna hii wamejaza matumbo yao asali kabla ya kutoka na hawana sega wala majana ya kutetea, kwa hiyo ni wapole kuliko watakavyokuwa tena baadaye, lakini kwa nyuki wetu upole huo haufai kujaribiwa. Hajati aliwaita watoto waingie ndani, akaniuliza kutoka barazani, "Mwanangu, hawa wageni watalala hapa mpaka lini?" Nilimjibu kwamba pengine mpaka kesho, na kwamba wanatafuta nyumba. Akaamuru njia ya kisimani ihamishwe upande wa pili mpaka watakapoondoka, na kwa hilo tulimshukuru sana.

Nilisimama kwa umbali wa kuona vizuri, nikiwa nimevaa vazi kamili. Nukta nyeupe ilionekana mara moja, malkia alipopita juu ya wenzake na kuzama tena ndani: mama ndiye aliyeondoka, na nyumba imebaki kwa mabinti.

Juu ya ngozi ya bumba wapelelezi walikuwa wakicheza. Aliyeliona jambo hili kwanza na kulielewa ni Martin Lindauer, mwanafunzi wa mtafiti wa nyuki Karl von Frisch, aliyekuta bumba karibu na taasisi yao mjini Munich mwaka 1949 na kugundua kwamba wachezaji walikuwa na masizi, vumbi la matofali na unga mwilini badala ya chavua. Hawakutoka mauani, walitoka kukagua mashimo. Von Frisch mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, kwa sehemu kubwa kwa kueleza mchezo huo unasema nini. Nyuki hukimbia mstari ulionyooka akitikisa tumbo, huzunguka kurudi alipoanza, hukimbia tena. Pembe kati ya mstari huo na wima wa juu ni sawa na pembe kati ya jua na mahali anapopasifu, na muda wa kutikisa huongezeka kadiri ya umbali, takriban sekunde moja kwa kilomita kwa nyuki wa Ulaya waliopimwa.

Hapa kwetu jambo hili lina uzuri wa pekee. Arua iko karibu nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo katika juma hili la Machi jua huchomoza mashariki, hupanda likiwa mashariki vilevile asubuhi nzima, hupita utosini karibu saa saba mchana, kisha hushuka magharibi. Saa tatu asubuhi wachezaji wengi walikuwa wakikimbia kuelekea kulia, karibu kulala kabisa. Kulia kwa jua la mashariki ni kusini. Wengine wachache walikimbia moja kwa moja kwenda juu, yaani kuelekea jua lenyewe, upande wa Terego. Ilipokaribia saa saba michezo ilivurugika. Nyuki walikimbia huku na huku bila mwelekeo unaofanana, na wengi wakaacha. Lindauer alikuta hali hiyo alipofanya uchunguzi Sri Lanka, wakati ikiitwa Ceylon: jua likiwa utosini halina upande, na nyuki hawana cha kupimia. Alasiri walianza tena, na sasa kundi lile kubwa lilikimbia kuelekea kushoto. Kushoto kwa jua la magharibi ni kusini. Mahali hapakubadilika. Jua ndilo lililohama upande, na nyuki walikuwa wamelifanyia hesabu.

Mikimbio ilikuwa mifupi, chini ya nusu sekunde kwa saa yangu, kwa hiyo tulikadiria mita mia chache. Mwenzangu alitembea kusini akifuata dira, akipitia mashina yote makubwa, na kabla ya jua kuzama aliukuta mkwaju wa zamani wenye tundu juu ya kimo cha mtu, nyuki wakiingia, wakitoka, wakitambaa kandokando ya tundu na kuruka taratibu mbele yake kama wapimaji wa nyumba. Tuliifahamu nyumba yao mpya kabla kundi lenyewe halijaifahamu.

Jinsi uamuzi unavyofikiwa imechunguzwa zaidi na Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyefanya majaribio mengi katika kisiwa cha Appledore, pwani ya Maine, mahali pasipo miti ya kuwavuruga nyuki. Hakuna anayelinganisha mashimo yote na kuchagua. Wapelelezi wachache tu ndio wanaotembea, na kila mmoja husifu alichokiona. Anayetoka mahali pazuri hucheza mara nyingi, anayetoka mahali hafifu hucheza kidogo, na wote hupunguza mchezo kila wanaporudi, hivyo mahali hafifu husahaulika. Wanaosifu mahali pamoja pia huwagonga kwa kichwa wachezaji wa mahali pengine ili wanyamaze. Nilikuona kugongana huko mara nyingi upande wa wachezaji wa Terego, ambao jioni walikuwa karibu wameisha. Uamuzi hukamilika si bumbani bali kwenye shimo: wapelelezi wakikutana pale kwa wakati mmoja kwa idadi ya 20 hadi 30 hivi, hurudi na kuwaamsha wenzao.

Kesho yake asubuhi tuliona hatua hiyo. Wapelelezi walipenya ndani ya bumba, na mlio mwembamba wa juu ulisikika ukizidi. Mlio huo huwaambia nyuki wapashe misuli ya mbawa mpaka kifua kifikie nyuzi joto 35 hivi, kwani nyuki baridi haruki. Kisha baadhi yao walianza kukimbia wakipiga mbawa na kuwasukuma wengine, ngozi ya bumba ikalegea, na kwa muda mfupi tawi likabaki wazi. Wingu lilielekea kusini polepole, wapelelezi wakikatiza juu yake kwa kasi. Tulipofika mkwajuni nyuki wengi walikuwa wamesimama kwenye tundu, matumbo juu, wakipepea ile harufu yao ya kuita wenzao inayokaribiana na ya mchaichai.

Aprili

Mzinga wa bluu ulibaki na nyuki wachache mno, kwa kuwa kundi la kwanza huchukua zaidi ya nusu ya watendakazi. Katika juma la kwanza la mwezi, nilipoweka sikio kwenye ubao wakati wa magharibi, nilisikia mlio mrefu ulionyooka ukifuatwa na milio mifupi mizito kutoka pande nyingine. Malkia mwali wa kwanza alikuwa ametoka na anatangaza uwepo wake, na dada zake waliokamilika walijibu kutoka ndani ya vijumba ambamo watendakazi walikuwa bado wanawazuia. Milio hiyo ina maana moja ya vitendo: kundi la pili linaweza kutoka, safari hii na malkia mwali. Lilitoka, dogo, likapita juu ya mashamba bila kutua karibu. Baada ya hapo milio ilikoma, na chini ya mzinga palikutwa malkia waliokufa.

Kipindi kilichofuata ndicho kinachowatia wafugaji wasiwasi usio na msingi. Hapakuwa na yai wala lava, nyuki walikuwa wakali, na wenzetu wawili walishauri tuuunganishe mzinga huo na mwingine. Tulisubiri, kwa sababu malkia mwali huhitaji kukomaa, kupata siku zenye jua za kwenda kupandwa, kisha siku mbili tatu kabla ya kuanza kutaga. Mwishoni mwa mwezi mayai yalionekana, moja katika kila kishimo, kwa mpangilio usioruka, na ukali ukapungua.

Mei, na kazi iliyo mbele

Mizinga miwili tuliyoiongezea pao tupu katikati ya masega ya majana mwezi wa Februari, kabla ya yai lolote kuonekana vikombeni, haikutoa kundi. Mzinga wa njano, uliopewa nafasi baada ya kukutwa na lava katika vikombe, uliijenga nafasi hiyo kidogo na kuondoka kama ulivyopanga. Mizinga hii ni michache na sitaifanya sheria, lakini inaelekea kulekule: nafasi husaidia kabla ya uamuzi. Mzinga wa kijani, uliokuwa na vikombe vyenye mayai, tuliugawa sisi wenyewe kwa kumhamishia malkia mzee katika sanduku jipya pamoja na masega ya majana na chakula, na kuviacha vijumba nyumbani. Pande zote mbili zina mayai sasa, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia inayomfaa zaidi mfugaji mdogo aliyechelewa kuona dalili.

Sanduku letu la kutegea, lililopakwa nta na gundi ya nyuki na kuwekwa juu ya jiwe, lilitembelewa na wapelelezi lakini halikuchaguliwa. Seeley alionyesha kwamba nyuki wa Ulaya hupenda shimo la takriban lita 40, lenye mlango mdogo, na lililo juu kutoka ardhini. Nyuki wa Afrika hukubali hata mashimo madogo zaidi, ila mkwaju ule unaonyesha kwamba kimo wanakijali. Masanduku mapya yatatundikwa mitini kabla ya katikati ya Septemba, jua litakapopita tena utosini, na michezo ya saa za mchana itaandikwa kila nusu saa iwapo bumba lolote litatua mahali tunapoweza kuliona. Hajati ameruhusu sanduku moja litundikwe kwenye mwembe wake, kwa sharti kwamba liwe upande usio wa njia ya kisimani.